Mutura Tuliyochoma Juu ya Paa

Dada Esther,

Watoto wa madam wamekuja kutoka Jeddah kumsalimia nyanya yao, na jana nyanya akanituma dukani hapa mtaani Suwaidi niwanunulie soseji. Nikasimama mbele ya friji: soseji za kuku, za ng'ombe, na zile hotidogi za mkebe ulizokuwa ukiziita vidole vya mpira. Nikaanza kulia. Mwenye duka akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida, nikalipa, nikatoka.

Miezi minne sasa. Sijakuandikia kwa sababu ya ile meseji yako ya mwisho. Uliniambia kifua kinakubana. Nikakujibu, "Pole, pumzika kidogo," nikarudi kupiga pasi. Ungekuwa bado hapa Riyadh, kwenye chumba chetu, ningekuona uso. Lakini madam alipohamia Jeddah alikuchukua wewe, mimi akaniachia mamake. Asubuhi yake madam akanipigia, akasema hukuamka. Nisamehe, Esther. Sikujua.

Unakumbuka ile Idi ya kuchinja, mwaka wetu wa kwanza? Kondoo aliletwa ameshachinjwa, matumbo yakawa yanaenda kutupwa, ukamwomba madam atupe tutengeneze mutura, ile soseji ya kwetu ya nyama na damu. Akasema, "Halas, chukueni." Damu haikuwepo, na hata ingekuwepo isingeingia nyumba ile, kwa hivyo ukasaga maini yatupe ule weusi. Tukajaza, tukafunga kwa uzi, tukachoma juu ya paa. "Usishindilie, itapasuka," ulinigombeza. Shuka za madam zilizoanikwa pale zikanuka moshi, tukazifua zote upya huku tunacheka.

Ndipo uliponiambia kwamba baba yako ndiye fundi wa mutura kijijini kwenu, na kila ulipokaribia moto alikufukuza. "Hii si ya wasichana." Kumbe wewe ulikuwa unachungulia kutoka nyuma ya zizi. Ulitaka jambo moja tu: umlishe mzee mutura ya mkono wako, na usimwambie ni ya nani mpaka ameze. Hata kule Jeddah, ulipoona wenyeji wanajaza wali ndani ya matumbo, ulinitumia picha ukaandika, "Mzee angezimia."

Walikuzika nikiwa huku. Ruhusa ya kusafiri sikupata. Baba yako hunipigia kila Jumapili, anauliza ulikuwa ukila nini, kama ulikuwa ukicheka. Nimemwambia yote isipokuwa habari ya mutura. Hiyo si yangu kuisema kwa simu.

Sasa nimepata likizo, nafika mwezi ujao. Mzee amesema atachinja mbuzi tukukumbuke. Nitamwomba matumbo. Akinifukuza, sitaondoka. Nitamkatia kipande cha kwanza, ningoje ameze, halafu nimwambie: mzee, huo ni mkono wa Esther, mimi nimeuazima tu.

Lala salama, dada yangu. Sitashindilia. Nakuahidi haitapasuka.

Wako,
Mercy