Nafsineni Ni wa Ukoo Gani?

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na naomba uniwahi kabla washenga hawajarudi nyumbani kwetu mwezi ujao, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Bariadi, nina miaka ishirini na saba, nimeposwa na kijana anaitwa Joakim ambaye msimu wa pamba husimamia mizani ya kampuni binafsi pale Somanda, na msimu ukiisha anaimba, na mwaka huu alikwenda Mwanza akarekodi kaseti, na tangu hizi redio za watu binafsi zianze kusikika huku wimbo wake unapigwa mpaka wauza nyanya wanauimba. Naunakili hapa uone mwenyewe:

Nyalikungu nilipita, moyo nikakuachia,
Na tumbo la miezi mitano, kwaheri sikukwambia.

Juzi nimepita tena, mtoto yuko mlangoni,
Kaniita anko, nikampa pipi mkononi.

Basi baba yangu, mzee Ndaki, aliusikia kwenye redio ya jirani wakati wanachambua pamba, akainuka akaizima redio ambayo wala si yake, akasema posa imekufa. Baba ujanani alikuwa manju wa ngoma za mashindano, na katika ngoma zile mwimbaji hujitaja jina, hutaja ukoo wake, humtaja aliyemwibia na aliyemloga, na akisema "mimi", ni yeye kweli, kwa hiyo kwa baba, Joakim amesimama hadharani akakiri kwamba ametelekeza mtoto kule Nyalikungu.

Nilimweleza kitaalamu, Mshauri, nilimwonyesha vina, nilimwonyesha kwamba kuacha moyo ni sitiari, nikamfafanulia kwamba anayesema "mimi" ndani ya wimbo si mtunzi, anaitwa nafsineni, ni mtu wa kubuni tu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ng'wanone, mwanangu, huyo Nafsineni ni wa ukoo gani? Mlete, nizungumze naye." Mama alicheka mpaka akamwaga ungo wa michembe, viazi vyetu vya kukausha. Sikukata tamaa, nikamwambia mbona Novatus wa kwaya anaimba kila Kwaresima kwamba alikula na nguruwe na hakuna anayemuuliza nguruwe wako wapi, baba akajibu, "Mwana mpotevu tumesomewa kanisani. Huyu wa Nyalikungu tumesomewa wapi?"

Kidato cha tatu niliwapa ubeti wa kwanza wauchambue, na darasa zima limekubaliana nami kwamba huwezi kumhukumu mtunzi kwa maneno ya mhusika wake. Nina uhakika niko sahihi. Joakim nampenda na sitaki kumkosa kwa sababu ya mzee asiyejua fasihi, naomba tu unipe maneno ambayo baba atayaelewa.

Ni mimi Apolonia, Bariadi.

Apolonia mwanangu, marahaba.

Kwenye fasihi umepata maksi zote, na usikubali mtu akuyumbishe. Anayesema "mimi" katika wimbo si lazima awe yule aliyeshika kalamu. Tungekuwa tunawafunga waimbaji kwa wanayoyaimba, magereza yangefurika na redio zingebaki na taarifa ya habari na matangazo ya vifo.

Ila kwa baba yako umenikera. Mzee asiyejua fasihi! Mzee huyo amekula ujana wake mbele ya umati, katika ngoma ambazo wimbo ni ushahidi, na manju akisema uongo anajibiwa palepale na upande wa pili mpaka anatafuta njia ya kupita. Kumfundisha manju habari za nyimbo, hata aibu hukuona? Anaijua fasihi, tena vizuri, isipokuwa si hii ya kwenye silabasi yako. Na swali lake ni zuri kuliko majibu yako yote. Anataka kujua nani anasema, na nani wa kumshuhudia. Nenda kamwombe radhi, na mama yako msaidie kuokota michembe.

Sasa tuje kwenye lililoniuma. Umenitumia wimbo, mimi nimeisoma barua, na nimeisoma kama unavyowafundisha wanafunzi wako kusoma. Kidato cha tatu umewapa ubeti wa kwanza. Wa pili je? Wa kwanza kijana yeyote mwenye gitaa angeutunga. Wa pili, ule wa pipi, nimeusoma nikaiweka barua chini. Mtoto anamwita baba yake anko, naye anampa pipi anaendelea na safari. Hapo hakuna sitiari ya kujifichia. Mstari kama huo mtunzi huupata kwa kipaji au kwa kumbukumbu, na hakuna kitabu kitakachokuambia ni kipi kati ya viwili. Mimi sijui. Baba yako hajui. Na wewe pia hujui, ndiyo maana umeunakili kwa mwandiko mzuri kisha ukauruka.

Unasema nilimweleza, nilimwonyesha, nikamfafanulia, vyote kwa baba yako. "Nilimuuliza Joakim" nimeitafuta kurasa zote sikuiona. Umeujadili wimbo na mzee, na darasa zima, umemburuta mpaka Novatus wa watu na nguruwe wake, umenunua stempu kuniandikia mimi huku mbali, na mwenye wimbo yuko hapo Somanda anapima pamba. Unaogopa jibu, mwanangu. Ningekuwa wewe ningeogopa pia, sikucheki. Lakini ndoa haiwezi kujengwa juu ya swali ulilolikwepa.

Weka chaki chini. Leo hii, mizani ikifungwa, mfuate umuulize kwa maneno ya nyumbani: una mtoto Nyalikungu? Usimtajie nafsineni, atapata pa kukimbilia.

Akisema hapana, aje mwenyewe kwa mzee Ndaki kabla ya washenga, asimame, ataje jina lake, la baba yake na la ukoo wake, aseme hapana mbele ya watu. Hayo ndiyo maneno uliyoniomba, na yanatakiwa kutoka kinywani kwake, si kwako. Mzee atamwelewa, maana ameishi kwa maneno ya namna hiyo. Na wewe nenda na watu wazima wawili mpaka Nyalikungu mkaulize taratibu, hakuna atakayekucheka.

Akisema ndiyo, usimtukane. Wapo wanaume waliotengeneza walichokiharibu. Lakini ng'ombe hata mmoja asitoke zizini kwao kuja kwenu mpaka Joakim arudi kwenye mlango ule, apige magoti, amwambie mtoto kwamba yeye si anko.