Kitundu Mbele ya Sikio

Jumapili, 6 Agosti 1989
Tena kwa Baba Mdogo Kioko kuona ile ya Inspekta kwa televisheni. Betri imechajiwa sokoni Tawa jana, picha safi. Watu zaidi ya ishirini. Mimi chini karibu na mlango. Baba Mdogo huniita nitafsiri kwa sababu niko Form Two. Naona haya mpaka shingo inawasha, lakini mambo ya Inspekta yakianza sauti inatoka yenyewe.

Inspekta huingia lifti ya kituo chake cha polisi. Siku zingine mlango ukifunguka anatokea mji mwingine. Mji ni ule ule, watu ni wale wale. Ila huku mwoka mikate ameuawa, na kule yuko dukani anauza mikate. Basi Inspekta anaenda kule kumuuliza marehemu mwenyewe adui zake ni nani. Na haamini uso wala jina. Anaamini umbo la masikio. Anasema masikio hayajui kudanganya.

Jirani yetu Mama Katuku akasema, "Huyo wa mikate achague. Amekufa ama hajakufa? Tusikae hapa tukimngoja." Watu wakacheka. Hata mimi.

Jumatatu, 7 Agosti
Kupura mbaazi na Mama kutwa nzima. Vumbi mpaka kwa meno.

Fomu ya shule bado sijajaza. Jina la baba. Yuko hai ama amefariki. Kama amefariki, mwaka gani, na barua yoyote ya kuthibitisha. Najua Baba alikufa kwa homa huko Mtito Andei, akijenga barabara ya Mombasa. Nilikuwa mdogo. Hivyo ndivyo nimekuwa nikisema tangu nursery. Mwaka sijui. Mama amesema nimuulize Susu, ana mkebe.

Jumanne, 8 Agosti
Sijui niandike nini.

Susu ndiye mama ya Baba. Mkebe wake ni wa kakao, umeshika kutu. Ndani kuna picha moja ya Baba, kofia imeshuka mpaka masikioni, na barua ya Kizungu iliyopigwa taipu. Alinipa kama mtu anayekupa chumvi. Kampuni inasikitika. Mutiso aliugua siku nne. Vitu vyake vitaletwa kwa mama yake kwa kuwa he was unmarried, hakuwa ameoa.

Machi 1969.

Mimi nimezaliwa 1974.

Nimesoma tarehe mara nne. Nikamuuliza Susu kama hiyo ni tisa kweli. Akasema yeye hajui kusoma, ndiyo maana walinipeleka shule. Akaendelea kuchagua mawe kwa mbaazi.

Jumatano, 9 Agosti
Labda aliyepiga taipu alikosea. Nimeshikilia hiyo labda tangu asubuhi.

Jioni nikamuuliza Baba Mdogo kama namuuliza habari za mvua: walipomzika Baba yeye alikuwa darasa gani? Akasema, "Seven. Nilivua viatu vya shule nikavaa vyake. Vilikuwa vikubwa." Cheti chake cha darasa la saba kimetundikwa ukutani, 1969. Hakuna labda.

Kumbe hakuna aliyenificha kitu. Sikuuliza tu, na hakuna aliyeniambia.

Nimemfikiria Mama vibaya. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Mama anayefagia kanisa kila Jumamosi.

Alhamisi, 10 Agosti
Kama kuna lifti, basi kuna mahali Baba hakuugua. Alirudi 1969 na viatu vyake, akaoa, nikazaliwa, na huko mimi ni mtoto wa kawaida. Nimekaa huko nusu siku. Mbuzi wakaingia kwa kunde za Mama Katuku. Akaniita profesa.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimetumwa Tawa sabuni na chumvi. Nimeangalia masikio ya wanaume kumi na mmoja. Mbele ya sikio langu la kushoto kuna kitundu kidogo, kama nimechomwa sindano. Nimezaliwa nacho. Mama hana. Fundi wa baiskeli hana. Mzee wa kanisa hana, asante Mungu. Muuza nyama akaniuliza, "Msichana, unanunua ama unanihesabu nywele?" Nilitoroka bila chumvi.

Jumapili, 13 Agosti
Baba Mdogo anacho.

Alikuwa ameinama kurekebisha waya wa aerial. Mwanga wa televisheni ukampiga upande wa kushoto. Kitundu. Pale pale.

Walisema, Ndanu, Inspekta anasema nini? Sikusikia anasema nini. Nikasema Kizungu cha leo ni kigumu. Mama Katuku akasema karo imepotea bure.

Kwa Kiingereza yeye ni uncle. Kwa Kiswahili ni baba mdogo. Nimemwita hivyo miaka yote bila kusikia neno la kwanza.

Jumatatu, 14 Agosti
Nilimwendea Susu akiwa peke yake jikoni. Nikauliza baba yangu ni nani.

"Mutiso."

"Alikuwa amekufa, Susu."

"Ndiyo. Kwa hivyo?"

Akaniangalia kama mimi ndiye sijui kuhesabu. Akasema Mutiso alikufa kijana, hana mke, hana mtoto. Jina lake lingezimika. Basi walimtafutia mke. Walipeleka mbuzi kwa wazazi wa Mama, pombe ikanywewa, kila kitu kama harusi ya mtu aliye hai. Mama aliolewa na Mutiso mwaka wa 1972. Miaka mitatu baada ya kumzika. Anayezaliwa nyumba hiyo ni wa Mutiso. Zamani ilifanywa hivyo, hata yeye anajua nyumba tatu hapa karibu.

Nikamwambia kuhusu kitundu. Kwamba nimekiona kwa Baba Mdogo. Susu akacheka mpaka akafuta macho. "Hata Mutiso alikuwa nacho. Hata babu yako. Unafikiri Kioko alikinunua wapi?"

Kwa hivyo ushahidi wangu wote haushiki mtu.

Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha, Kitanda hakizai haramu. Nilipata kumi na saba kwa ishirini. Nilikuwa naandika juu ya nyumba yetu na sikujua.

Siwezi kulia.

Jumatano, 16 Agosti
Mama alijua nimejua. Susu hawezi kuweka siri.

Alisema tukipura mbaazi, bila kuacha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliambiwa mapema kwamba mume hayupo, na hakudanganywa hata kidogo. Kwao walikuwa wasichana saba na Susu alikuwa na moyo mzuri. Alionyeshwa ile picha ya kofia. Mwanzoni aliogopa nyumba. Halafu akawa anamwambia mambo akipika. Mvua, mahindi, mimi.

"Wenzangu waliolewa na walio hai, wanapigwa kila mwisho wa mwezi. Huyu hajanipigia kelele hata siku moja. Nimemzoea."

Kanisani wanajua. Mzee wa kanisa alimwombea, yakaisha.

Akasimama. Akashika fimbo vizuri.

"Kuna swali moja limebaki. Ukiniuliza nitakujibu, sitakudanganya. Lakini jiulize kwanza utalipeleka wapi jibu."

Tulipura mpaka gunia likajaa.

Ijumaa, 18 Agosti
Inspekta angeuliza. Ndiyo kazi yake, anauliza, mtu anafungwa, naye anaingia lifti yake. Yeye haishi na hao watu. Mimi nikiuliza nitaamka kesho niwe na Baba Mdogo mwingine, na watoto wake wawe wengine, na mke wake nimsalimie kwa macho gani?

Nimejaza fomu. Mutiso. Amefariki. 1969. Karani akitaka kupiga hesabu apige.

Sijauliza.

Jumamosi, 19 Agosti
Asubuhi Mama alichukua ufagio akaniangalia, nikamfuata. Kaburi la Baba liko nyuma ya ghala. Tulikatazwa kucheza hapo, basi sikuwahi kukaribia. Ni dogo. Mama alifagia majani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nimekuja na msichana wako."

Niliona haya. Sikujua mtu anasema nini na baba ambaye hawajaonana. Mikono niliiweka nyuma.

Nikasema, habari ya asubuhi.

Mama akasema hiyo inatosha kwa leo. Tukarudi kuchemsha chai.