Ukoo wa Nungunungu

Kwa Dada yangu mkubwa, uliyenibeba mgongoni na mpaka leo hujanidai nauli,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Naomba barua hii ikukute mzima, na kama goti bado linakusumbua basi ikukute umeketi. Macho je? Mara ya mwisho ulisema unaona watu wawili wawili. Usihofu, mradi usiwapikie wote. Mimi mwili upo. Nakula, nalala, naamka, nanyoa ndevu. Mwandiko usiucheke, darasa la nne ndilo lililonikinai, na mkono huu ulizoea tarumbeta, si kalamu.

Hapa kwa binti yangu wote hawajambo. Yeye bado yuko kwenye kliniki ya meno, kutwa anashika taya za watu, akirudi jioni hataki kumwona mtu anatafuna. Mumewe, Mheshimiwa Mkwe, bado anauza bima. Ni mtu mwema, sina neno naye, ila kazi imemwingia machoni: akikutazama anakuona ukiteleza. Juzi nilikuwa nimetulia na chai yangu, akaja akakunja zulia lote kwa sababu ncha moja ilikuwa imeinuka. Chumba walichonipa baada ya mazishi ndicho walichokuwa wanapigia pasi. Meza ya pasi bado imo. Nguo zinaletwa, zinanyooshwa, zinaondoka, mimi nimekaa kitandani nikiwa sijanyooshwa. Sina malalamiko. Kusema kweli, malalamiko yenyewe yamenihama, na hilo nitalirudia.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simuni utanikatiza, halafu utacheka, halafu utalia, nami nitabaki nimeshika simu kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mzigo. Tena kuta za nyumba hii ni nyembamba. Mkwe akipiga chafya chumbani kwake, mimi huku najibu afya.

Habari kubwa ni ya mjukuu wako, yule niliyezoea kumwita mke mdogo, na marehemu wifi yako akimwita mke mwenza na kumkataza kugusa sufuria zake. Amemaliza shule, amefaulu, na anataka kwenda chuo kikuu kusomea muziki. Nami sikujua kwamba muziki unasomewa mpaka kichwa kinavikwa kofia yenye pembe. Enzi zetu ulisomea muziki kwa kusimama nyuma ya mtu anayejua, ukifukuzwa unarudi. Anapiga tarumbeta langu lile lile, lenye bonde mdomoni, ulipolikalia wewe ukadhani ni mto. Nilimfundisha kupuliza akiwa hajaota meno ya mbele ya pili. Mengine kafundishwa shuleni, pamoja na kusoma vile viluwiluwi vilivyotundikwa kwenye waya, ambavyo mimi mpaka leo nikivitazama naona bwawa.

Mwalimu wake wa muziki alikuja nyumbani kutueleza. Ni mwanamke mwembamba anayehesabu hata anapopanda ngazi, kwa hiyo nimempa jina la Moja-na-Mbili, na sasa nyumba nzima inamwita hivyo akiwa hayupo. Alisema kwenye chuo hicho kuna milango miwili. Wa kwanza ni shahada ya upigaji: unaingia kwa usaili, unapigia wakubwa watatu nyimbo mbili ulizojiandalia na moja unayopewa pale pale, na ukipita, miaka yote ni wewe na chombo chako. Wa pili ni shahada ya ualimu wa muziki: huko usaili ni mwepesi, na ukimaliza kuna shule zinazokusubiri. Kwenye fomu unaweka alama mlango mmoja tu, na ukishaituma hubadilishi.

Mkwe akauliza mpigaji anapata pensheni ya nani. Moja-na-Mbili akamjibu bila kukwepa kwamba mwanamuziki wa siku hizi halii sahani moja: atapiga kwenye harusi, atarekodi studio, atawatungia watu matangazo ya sabuni, Jumamosi atafundisha watoto wa matajiri. Mkwe akasema mtu mwenye sahani tano ni mtu ambaye hakuna hata moja inayomshibisha. Akauliza pia mdomo wa mpuliza tarumbeta ukivimba inakuwaje. Binti yangu akasema yeye anakubali mlango wowote ule mradi mazoezi yafanyikie huko. Mtoto mwenyewe alikuwa anatazama magoti yake. Nilijua anataka upigaji. Anautaka mpaka anaogopa kuutaja, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala.

Ndipo Mkwe akanigeukia. Akasema kwa adabu zake zote kwamba mzee yupo, mzee ana mkono, basi mzee aamue. Wewe mkono unaujua, unao wa aina hiyo hiyo, tumeurithi kwa baba. Muziki ukiwa wa kweli, malaika ya mkononi, vile vinywele laini, yanasimama yenyewe bila kuombwa ruhusa. Kwenye bendi, kiongozi wetu akileta mpigaji mpya hakuniuliza naonaje. Alimwacha apige, kisha akaja kunipandisha mkono wa shati. Wifi yako aliyaona hayo kabla hajanikubali, akasema anaolewa na ukoo wa nungunungu. Kwa miaka yetu yote, redio ikiimba vizuri, aliacha alilokuwa akilifanya akaja kuukagua mkono wangu kama anayeangalia kama wali umeiva.

Basi wakakubaliana. Jumapili mtoto angepiga sebuleni, mbele ya wote. Malaika yakisimama, upigaji. Yakilala, ualimu, na hakuna kununa. Mkwe haamini mambo ya mikono, lakini muuza bima anapenda ukaguzi kabla ya kutia saini. Aliyekubali upesi kuliko wote ni mtoto. Alisema mkono wa babu haujawahi kudanganya.

Sasa nirudi nyuma kidogo, dada. Tangu tumzike wifi yako sijawasha redio. Mkwe aliliona hilo, akakata shauri kwamba nimekuwa kiziwi, akanipeleka kwa daktari wa masikio. Nikafungiwa kwenye kijumba chenye dirisha la kioo, nikavishwa masikio ya plastiki, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia filimbi. Nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Daktari akasema kwa umri wangu ni ajabu, nasikia mpaka sindano. Mkwe alifurahi njia nzima. Lakini lugha yetu ina ujanja wake. Unasikia sauti, unasikia baridi, unasikia njaa, unasikia uchungu, yote kwa neno moja. Daktari alipima la kwanza tu.

Halafu jino likaoza, binti yangu akanipeleka kliniki kwao. Akanidunga sindano ya ganzi mwenyewe, shavu likageuka la mtu mwingine, wakang'oa. Nilipoweza kuzungumza nilimuuliza ganzi huisha baada ya muda gani. Akasema saa mbili, tatu. Nikasema basi mimi nimedungwa nyingi. Akacheka, akadhani ni utani wa jino. Nikamwacha acheke, maana anacheka mara chache siku hizi.

Wiki ile ya kungoja Jumapili mtoto alifanya mazoezi kila alasiri, ukuta mmoja tu kati yetu. Nilikaa kitandani nimepandisha mkono wa shati, nautazama kama mvuvi anayetazama mshipi. Noti nilizisikia zote. Nilijua wapi pumzi imemwishia na wapi ameharakisha. Lakini ilikuwa kama kumsikiliza jirani akipigilia misumari: unajua ni misumari, unajua anapigilia vizuri, basi. Malaika yalilala kama majani yaliyokanyagwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku iliyofuata nikajaribu kumfikiria wifi yako, labda nitayashtua. Nilimkumbuka kiatu hadi kilemba, na mkono ukabaki mkono.

Jumapili ikafika. Moja-na-Mbili alikuja amevaa vizuri, Mkwe alisogeza viti asije mtu akajikwaa, binti yangu alifunga madirisha kwa ajili ya majirani. Mimi niliomba radhi nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi nikaketi. Mtoto akapiga wimbo wa taratibu kwanza, kisha ule wa mbio. Alipomaliza hakunitazama usoni. Aliweka tarumbeta mezani, akaja moja kwa moja, akanipandisha mkono wa shati.

Malaika yalikuwa yamesimama yote, kutoka kifundo mpaka kiwiko.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale miguuni pangu, akauegemeza uso kwenye mkono huo. Akasema, babu, mbona wa baridi? Nikamwambia damu yote imekimbilia masikioni kusikiliza. Watu wakacheka. Moja-na-Mbili alifuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Mkwe akasema ananusa samaki, nikamwambia mwenye njaa hakosi kunusa. Akatimiza neno lake kama mwanamume: alileta fomu, mtoto akaweka alama kwenye upigaji.

Dada, Mkwe hakukosea. Kulikuwa na samaki. Nilipokwenda jikoni sikunywa maji. Nilifungua friji, pale juu kwenye barafu, nikauchomeka mkono kati ya samaki wawili, nikauacha humo mpaka ukauma. Kisha nikateremsha mkono wa shati, nikarudi kuketi na uso wa mtu mzima. Mjukuu wako amechagua maisha yake kwa ushauri wa samaki waliokufa.

Ungenigomba, najua. Ungesema ningewaambia tu. Niwaambie nini? Mkono ungelala na mtoto angehukumiwa kwa kosa la mkono. Angeamini hadi uzeeni kwamba alipiga mbele ya babu yake na haikuwa kitu. Kumbe hata angepiga nani, ungelala. Kwa hiyo niliona uongo uko pande zote mbili, nikachukua ule unaomwacha mtoto akiwa amesimama. Hayo yalikuwa mahesabu ya jikoni. Sasa namsikia huko nyuma ya ukuta, anapiga tangu kulipokucha kama mtu aliyeambiwa na hakimu kwamba hana hatia, na mimi sijui kama anaweza au hawezi. Akienda kwa wale wakubwa watatu wakamkataa, wao hawana friji.

Lakini hilo si lenyewe. Lenyewe ni hili. Siku ya mazishi watu walinitazama kwa sababu macho yangu yalikuwa makavu. Walianza kunong'ona. Wewe ndiye uliyesimama mbele yangu na fimbo yako ukawaambia waniache, ukasema mdogo wangu namjua, analia kwa ndani. Wakaona haya, wakaniletea kiti. Nimekikalia kiti hicho hadi leo. Dada, silii kwa ndani. Nilichungulia ndani siku ile ile, na nimechungulia kila siku tangu hapo. Hakuna mtu. Sina uchungu, sina hasira, sina hata hamu. Nafanya mizaha kwa sababu mdomo umezoea njia, kama punda anayerudi nyumbani peke yake na mwenye punda kalala. Barua yote hii umecheka, nakujua. Mimi niliiandika sikucheka.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Fomu iko kwenye mkoba wa Mkwe, anaituma mwisho wa mwezi, maana hakuna kitu anachotuma kabla ya siku ya mwisho. Njoo kabla ya hapo. Sema umenikumbuka, au sema goti linataka kubadilisha hewa. Mwambie mtoto akupigie ule wimbo wa taratibu, kisha jiangalie mkono wako mwenyewe, maana katika ukoo wa nungunungu umebaki wewe tu mwenye miiba. Malaika yakisimama, basi friji ilisema kweli kwa bahati, na tutaiacha iende kaburini na sifa zake. Yakilala, nitamwita mtoto nimweleze habari ya samaki mimi mwenyewe. Atanichukia, na atakuwa na haki. Usinidanganye kwa huruma. Waongo wawili katika ukoo mmoja tutazidi.

Usije na dawa, wala usije na mtu wa kuniongelesha. Usiniulize najisikiaje. Niulize nimekula nini, hilo nalijua. Ukimaliza kumsikiliza mtoto, kaa na mimi kidogo pale kwenye chumba cha pasi, unipandishe mkono wa shati kama alivyokuwa akifanya wifi yako. Hutakuta kitu. Pandisha tu.

Binti yangu anakusalimu, Mkwe anakusalimu na anauliza kama ngazi za kwako zina mahali pa kushika. Mke mdogo hajui kwamba nakuandikia, ila nikikusalimu kwa niaba yake hatakataa. Wasalimie wote wanaokula kwako, wakiwemo wale unaowaona mara mbili.

Ni mimi, mdogo wako uliyemkalia tarumbeta,

Domo