Juisi ya Mama kwenye friji ya maabara

Kadzo, uko? Nimejifungia chooni hapa chuoni, nalia kama mtoto.

Dena, mwenzangu wa maabara, ameimwaga juisi ya Mama. Ile ya matunda ya mabungo, Kadzo. Ile ya mwisho aliyoichuja kwa mkono wake kabla hajafariki!

Niliihamishia friji ya maabara kwa sababu stima kwetu Takaungu imepotea tangu Jumapili. Dena naye leo anapima vitamini C ya mabungo. Akaiona, akadhani ni sampuli yetu.

Naingia, namkuta ameshaitia wanga, anadondosha iodini. Juisi yenye vitamini hukawia kugeuka rangi. Hii, tone la kwanza tu, ikawa buluu.

Akacheka. "Rehmat, hii imekufa zamani. Haina kitu."

Haina kitu! Akamimina yote iliyobaki kwenye sinki, mimi nimesimama pale pale. Haina kitu, Kadzo.

Ndipo akaniona uso. "Kwani ilikuwa ya nani?" Nikatoka mbio.

Kikopo ilimokuwa juisi ninacho hapa mkononi. Bado kinanukia iliki ya Mama. Ukija jioni, tafadhali, usiniambie nikioshe.