Pikipiki Mbili, Safari Moja ya Pangani

Mpendwa Bi Bernadeta,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi tusameheane, maana picha yako gazetini ni ndogo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Naitwa Mwishehe, mkazi wa Mtoni, Temeke, nilikuwa mwendesha winchi bandarini miaka ishirini na sita mpaka mwaka jana tulipopunguzwa, na kiinua mgongo kilipotoka nilimwambia mke wangu Mwanabaraka kwamba sasa ahadi yetu imefika, kwa sababu tangu nimuoe sijawahi kusafiri naye kwenda kwao Pangani, yeye huenda na basi na watoto, mimi nabaki na zamu zangu, sikukuu kwa sikukuu, na nilimwahidi kwamba siku nikimaliza kazi tutakwenda wawili tu, kwa pikipiki kubwa ya safari, tukisimama tunapotaka.

Siku hizi za ruksa, bidhaa za nje zikiingia bila kizuizi, vitu hivyo vinapatikana, na nimeziona mbili. Ya kwanza iko Kawe kwa mzee Alfonsi, mpima ardhi mstaafu, ni ya Kijerumani ya mwaka sabini na nane, nzito, haina mnyororo bali inazungushwa na shafti, ina masanduku mawili ya bati ubavuni na kiti kirefu kipana kama benchi la barazani, ila rangi imepauka na ikiwaka inatetemeka. Ya pili iko Kinondoni kwa kijana mmoja anaitwa Suhaib, imeshuka melini kutoka Dubai, ni ya Kijapani ya mwaka themanini na tisa, nyekundu, imevalishwa plastiki mpaka tumboni, ina kioo kikubwa cha kukinga upepo, kiti cha nyuma kimeinuka na ni chembamba kama ilivyo kwa pikipiki za sasa, na ikiwaka huisikii, unaona tu mishale ya geji inapanda.

Nikufiche nini, Bi Bernadeta, hiyo nyekundu imeniteka akili. Nikikaa barazani baada ya sala ya alasiri nafumba macho, mikono inashika usukani yenyewe, naiona Chalinze na ukungu wake wa asubuhi, naiona mistari ya mkonge ikifunguka na kujifunga pembeni yangu, nasikia harufu ya machungwa ya Muheza, upepo umeingia ndani ya shati, barabara inanyooka na mimi sina uzito wowote, mpaka Mwanabaraka aniite mara ya tatu kwamba chai inapoa.

Kinondoni nimekwenda mara nne, Kawe mara moja. Nilimpeleka fundi wangu Didas, akasema ya Kawe hata fundi wa Segera ataifungua kwa spana nne, ila ya Kinondoni ikiugua njiani nitakaa nikingoja spea kutoka Dubai, lakini Didas kila kitu kipya kwake kina mkosi. Mke wangu sikumpeleka, kwetu huku chombo cha moto mwanamke hukiona kikishafika mlangoni, ndipo anakinyunyizia marashi na watu wanakula tende. Nilimsimulia tu. Akaniuliza ile ya Kinondoni mtu wa nyuma anakaaje, nikamwambia anapanua miguu na kuinama mbele kidogo. Akakunja mkeka, akasema, “Basi nunua hiyo inayotakwa na roho yako. Mie nitatangulia na basi, tutakutana kwa mama.” Kwa hiyo ruhusa ninayo, kinachonisumbua ni uzee wa moja na spea za nyingine. Nichukue ipi?

Mwishehe, Mtoni

Mwishehe,

Marahaba. Nimekuzidi, na kwa hiyo nitakusema kama dada yako.

Pole kwa kupunguzwa kazi, na hongera kwa kukumbuka ahadi, maana wenzako wengi kiinua mgongo kimewakumbusha mke wa pili. Ndoto yako nimeisoma mara mbili, nikajikuta nimeegemea kiti na mimi nanusa machungwa. Mara ya tatu nikamtafuta Mwanabaraka humo ndani, sikumwona. Upepo umeingia kwenye shati lako wewe. Yeye umemwacha nyumbani na chai.

Ruhusa gani uliyo nayo? Mwanamke wa umri wake, na buibui lake, anapanda pikipiki kwa upande, miguu pamoja. Wewe umemwambia apanue miguu ainame, aondoke hivyo mbele ya Mtoni nzima na ashuke hivyo mbele ya mama yake mzazi. Hakukuruhusu, amejitoa. Miaka ishirini na sita amekwenda kwao na basi kwa sababu ya winchi, na leo winchi haipo unampandisha basi lile lile, tena safari hii utampita njiani. Nimeona uchungu kuandika maneno hayo, na wewe uone uchungu kuyasoma.

Fundi Didas umemsema bure. Ukishaacha lami pale Muheza, mpaka Pangani ni udongo na mashimo, na hiyo plastiki ya tumboni utaiokota vipande vipande. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hiki kinamuuma mwenzako kabla hujakinunua. Kinondoni usirudi hata kwenda kuaga.

Lakini sikwambii ulipie ya Kawe. Mimi sijaikalia, na wewe siye utakayekaa nyuma. Didas aikague kwanza, iwashwe ikiwa ya baridi mbele ya macho yako, na mwangalie kama shafti inavuja mafuta. Mambo ya marashi mlangoni yatangoja. Ijumaa hii baada ya sala mchukue Mwanabaraka mwende naye Kawe, amevaa kama atakavyovaa siku ya safari, na kikapu chake mkononi. Apande taratibu, na mzee Alfonsi na Didas watazame kwingine. Wewe kaa mbele, usimsimulie habari za shafti. Muulize kama amekaa vizuri, kisha umsubiri ajibu, hata akichelewa. Akinyamaza, usiwashe.