Nywele Ninazomfugia Kaka

Karakana ya Vioo,
Nyuma ya stoo ya mbao.
14 Juni

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Shemeji na mapacha hawajambo? Mimi ni mzima, ila kichwa changu si cha kutazamwa.

Najua umeshapelekewa habari kwamba nimechanganyikiwa na sinyoi tena. Kutonyoa ni kweli.

Chanzo ni kaka yetu kinyozi. Mwezi wa pili nilikaa kwenye kiti chake nikamnong'oneza kwamba nataka kumposa fundi cherehani wa mlango wa tatu kutoka dukani kwake, ila naogopa kumwambia. Nilidhani namwambia ndugu, kumbe natangaza sokoni. Kabla hajamaliza kisogo, benchi zima la wateja lilikuwa linacheka, na mmoja wao akaenda kumpa yule mwanamke pole ya kupendwa na mwoga. Alifunga pazia lake wiki nzima. Kaka amenyoa kichwa hiki tangu utotoni, lakini siku ile alininyoa bila maji.

Nikaapa mashine yake haitanigusa tena. Baadaye nikagundua kiapo chenyewe ni silaha, maana mtaa mzima unajua mimi ni mdogo wake kinyozi. Basi kila mchana nachukua stuli, nakaa mkabala na mlango wake, nakula chakula changu kichwa wazi. Mteja akifika ananitazama mimi, anamtazama yeye, halafu anakumbuka ana haraka.

Usidhani ni raha. Huu ni mwezi wa nne. Nywele si fupi, si ndefu: juu zimesimama timutimu, pembeni zimefunika masikio nusu, nyuma zinaniwasha kwenye kola. Kofia nikiivaa inapanda yenyewe. Na kazi yangu ndiyo hii ya kukata vioo, kutwa najiona huku na huku. Kuna mama alirudisha kioo akidai kina kasoro, kumbe ni mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Wiki jana kaka alikuja kuomba anichonge kisogo tu, bure. Msamaha hakuomba, alisema namharibia kazi. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, na sasa hata ndugu yake hamnyoi. Nilifurahi, dada, sitakuficha.

Juzi fundi cherehani alinifuata pale kwenye stuli. Alikuwa amenishonea utepe wa kuzuia nywele zisiniingie machoni nikiwa kazini. Akaniwekea mkononi, akasema taratibu, "Yale uliyomwambia kaka yako, mimi hujaniambia hadi leo. Miezi minne unakaa hapa unamtazama yeye. Na mlango wangu ni wa tatu tu."

Najua stuli hii inatakiwa kuhamia wapi, na nitaihamisha. Lakini leo mchana duka la kaka lilikuwa tupu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na katika vile vioo vinne nilivyomkatia mwenyewe siku anafungua duka nilimwona mara nne, zote akinitazama. Nikaona nibaki siku moja zaidi.

Nisalimie shemeji na mapacha, na shangazi ukimpigia simu. Kaka usimpe salamu zangu, anazipata kila mchana. Mungu akulinde, na akuepushe na ndugu wasioweza kufunga mdomo.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu, mwenye nywele.