Mguu Unaokunjika Pande Mbili

Yombo Vituka,
Temeke, Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa shemeji yangu Jabiri,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na Najat na mtoto wenu Talha. Nasikia ameshaota meno ya juu. Nasikia kwa kunyatia, maana dada yako Hamisa akiongea na nyie kwenye simu anaenda uani, na mie ndo nakuwa natafuta kitu karibu na mlango. Kazi ya kuchomelea inaendaje? Na kile kikohozi chako cha moshi kimepungua?

Sie huku hatujambo. Hamisa mguu ulimsumbua kipindi cha mvua, sasa anatembea vizuri na genge lake la Tandika amelirudia. Mie mgongo ndo vile vile, kwenye useremala wetu Keko makabati ya kubeba hayaishi. Binti yetu Najma yuko kidato cha pili na karefuka, kanipita bega.

Najua simu zangu hupokei. Sikulaumu, hata ningekuwa mie nisingepokea. Ndo maana nimekaa chini na karatasi, kitu ambacho sijafanya tangu nilipomwandikia marehemu baba yako barua ya posa, na ile nilisaidiwa. Hii naandika mwenyewe, ukiona imepinda utavumilia.

Nina la aibu na nina la kujivunia, na yote yameletwa na ndege mmoja.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Njiwa uliwaleta wewe, ile jozi nyeupe uliyoitoa Manzese ndani ya boksi la sabuni. Masanduku nikatengeneza mie kwa mbao za mninga zilizobaki kazini. Kila sanduku lina tundu la kupita njiwa mmoja tu, na kiota nikakiweka pembeni, sio usawa wa tundu, ili paka akiingiza mkono asipate kitu. Nilijisifu nayo sana yale masanduku. Mwezi wa pili mwaka huu makinda yakaanza kupotea. Asubuhi yapo, jioni hayapo. Hakuna damu, hakuna ubao uliokwaruzwa, kitasa cha nyuma kimefungwa.

Hapo ndo nikapiga hesabu yangu ya kijinga. Mwewe hawezi, mwewe anadaka vilivyo nje. Paka hafiki. Kitu kinachoweza kuingia tunduni, kikakunja kona, kikatoka na kinda, ni mkono wa mtu. Na mie nashinda Keko, dada yako gengeni, Najma shule. Mchana nyumbani ulikuwa unabaki wewe, maana kazi ulikuwa hujapata, na Najat na mtoto ulikuwa umewaacha Mtwara.

Ningekuita chumbani tukaongea kiutu uzima. Sikukuita. Nilikusema kijiweni kwenye kahawa, mbele ya Adelard jirani yetu, mbele ya mzee Salumu, mbele ya kila mtu. Nikasema Alhamisi tunasoma Halbadiri, aliyeiba makinda yangu ajitokeze kabla tumbo halijamvimba. Jina sikutaja, lakini nilikuwa nakutazama wewe, na wote wakageuka kukutazama. Ulivyojibu nakusikia mpaka leo: “Someni, shemeji. Nitakaa mbele kabisa, na ubani nawasha mie.” Kesho yake ukabeba begi. Njiwa wako ukawaacha.

Sasa hili lilikuwa halijulikani na mtu, hata dada yako amelijua juzi tu. Ulipoondoka, haikupita wiki mbili, makinda mawili yakapotea tena. Baada ya hapo moja. Jioni nikirudi ndo mie wa kwanza kupanda ngazi, kwa hiyo niliona mie peke yangu. Nikanyamaza, Jabiri. Nilikwenda Manzese nikatafuta makinda ya kufanana nayo, nikayaweka kiotani. Hamisa akiuliza, namwambia tangu shemeji aondoke hakuna kilichopotea. Yaani nilishajua sio wewe, na nikaendelea kukuacha uwe mwizi, kwa sababu niliona tabu kushuka mbele za watu. Kisomo nikakiahirisha. Kwa maalimu nikasema mwizi keshahama. Ukweli ni kwamba niliogopa kitanirudia mwenyewe.

Dada yako hakunigombeza hata siku moja. Aliacha tu kulitaja jina lako nikiwepo. Sasa nyumba yenyewe ndogo, ukimya wa namna ile unaukanyaga kila ukipita.

Niliyemsahau ni Najma.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, binti akachukua kigoda akakaa nyuma ya tangi la maji, na daftari, tangu asubuhi. Mama yake akamuuliza anafanya nini, akasema ana kazi ya shule. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ikapita. Mie nikamwona mvivu wa kuosha vyombo. Siku ya tisa narudi kutoka Keko, hata viatu sijavua, ananiambia, “Baba, mwizi nimemwona. Kaja saa tano.”

Nikamuuliza ni nani. Akanifungulia daftari.

Ndege. Mkubwa, rangi ya majivu, kichwa kidogo kwa mwili ule. Tumbo lina mistari myembamba myeusi na myeupe, mkia mweusi una mshipi mweupe katikati. Usoni hana manyoya, ngozi tupu ya njano, na Najma aliandika pembeni kwamba ndege akichangamka ule unjano unageuka wekundu. Alitokea kwenye mnazi wa jirani, akiwa amening’inia kwenye shina kichwa chini, anapiga mabawa na kuchungulia kwenye makuti. Baadaye akarukia kwenye masanduku.

Nikasema mwewe huyo. Najma akasema mwewe mkia wake una panda, huyu umenyooka. Adelard alikuwa amekuja kuazima randa, akasema kwao Bukoba huyo ni tai. Hamisa akasema ni kozi. Kila mtu na jina lake, na Najma anatikisa kichwa kwa wote.

Halafu nikauona mguu. Alikuwa kauchora umeingia tunduni, pale kwenye goti umekunjika kwenda mbele. Picha ya chini yake, mguu ule ule umekunjika kwenda nyuma. Nikamwambia, “Hapa umeharibu. Hakuna kiumbe goti linakwenda huku na huku. Futa.”

Akafuta. Akachora tena vile vile.

Nikamwambia unanichezea. Akanijibu taratibu tu, “Baba, wewe hukuwepo. Mie nilikuwepo.”

Shule zilipofunguliwa wiki iliyopita, akalipeleka daftari kwa mwalimu wake wa baiolojia, Madam Margareta. Naye vile vile kaanza na mguu. Akamwambia mwanangu, picha nzuri ila hapa ulichoka. Najma akamjibu kwamba hakuchoka, alimwona mara nne. Madam akaenda kuleta kitabu kikubwa cha ndege, akawa anafunua ukurasa kwa ukurasa, binti kasimama pembeni. Kufika kwenye jamii ya kina kipanga, Madam akasimama. Uso wa njano, mkia wenye mshipi, kila kitu. Na imeandikwa pale, kwamba mguu wa ndege huyu unakunjika pande mbili, na kazi yake ni hiyo hiyo, kuuingiza kwenye matundu ya miti na viota, kuzungusha kona na kutoa makinda.

Jabiri, mie nafunga milango ya hoteli mwaka wa ishirini huu. Zile bawaba zake unasukuma ndani, unasukuma nje, mlango unakwenda kote. Nazifunga kwa mkono wangu, halafu nakataa kwamba Mungu anaweza kutengeneza moja.

Kwa Kizungu jina lake refu, Najma kaliandika nyuma ya picha. Kwa Kiswahili sijapata wawili wanaokubaliana. Hapa nyumbani tunamwita Shahidi.

Juzi Alhamisi nikaitwa shule. Nikaenda na hofu, nikidhani kafanya kosa. Kumbe wamebandika picha yake kwenye ukuta wa maabara, na chini jina, Najma Khalfani. Jina langu liko maabara, shemeji, mie ambaye darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Madam kawatumia maelezo yake watu wanaokusanya habari za ndege, nao wakaandika wenyewe kumuuliza siku na saa aliyomwona. Watu wazima wanamuuliza binti wa Yombo, na binti anawajibu kutoka kwenye daftari. Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani, gari sikutaka kupanda. Nilitaka watu wanisalimie.

Lakini kuna neno Madam aliniuliza likanikaa. “Mzee, huyu mtoto nani kamfundisha kuangalia hivi?” Nikajibu ni kipaji. Njiani ndo nikajiona mwongo tena. Wewe ndo uliyekuwaga unakaa naye juu ya ngazi unamfundisha kumjua njiwa mmoja mmoja kwa macho na kwa mwendo. Kwa hiyo hata fahari yangu hii nusu yake ni mali yako.

Jioni ile nikamwambia Hamisa kila kitu, na yale makinda ya Manzese. Najma alikuwa anachambua mchicha, hata hakuinua kichwa. Akasema, “Hayo nilishayajua, baba. Yalikuja na manyoya, wakati ya kwetu yalikuwa bado mekundu.” Alijua tangu mwezi wa tatu. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Nilipochelewa ndo akachukua kigoda.

Jana nikaenda kijiweni kwenye watu wale wale, na daftari kwapani. Nikasimama, nikasema nilimsingizia shemeji yangu, na kwamba nilijua na nikanyamaza. Haikuwa rahisi. Mzee Salumu akachukua daftari, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akasema, “Sasa Khalfani, huyu naye tumsomee Halbadiri, au tumwache kwanza amalize kula?” Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Adelard peke yake hakucheka. Aliniambia, “Siku ile sote tuligeuka tukamtazama. Ukimwandikia, mwambie na mie niligeuka.” Basi nimekuambia.

Masanduku nimeyafumua. Mapya nimeyawekea korido yenye kona mbili, mguu wa Shahidi haufiki. Jozi yako nyeupe imetaga. Sanduku moja la zamani Najma kaniomba nilibakize tupu pale pale, ndege asije akahama. Nimelibakiza. Anakuja, anaingiza mguu, anakosa, anaondoka, na binti anaandika.

Shemeji, nisamehe. Sikuombi urudi Yombo, una kazi na una familia. Nakuomba siku ukija Dar ufikie kwako, chumba cha uani kipo na sijampa mtu. Na simu nikipiga, hata kama hutaki kuongea, ipokee nisikie Talha analia.

Nisalimie sana Najat, mwambie shemeji mkubwa anaona haya kwake pia. Mbusu Talha. Hamisa anakusalimu, na safari hii jina lako kalitaja mbele yangu. Adelard na mzee Salumu wanakusalimu. Najma anasema, “Shikamoo mjomba, picha nimekutumia ile ya kwanza.”

Hiyo iliyoko ukutani shule ameinakili upya, safi. Ya kwanza ndo hii iliyomo ndani ya bahasha, ambayo dereva wa basi ameniahidi hataikunja. Iangalie vizuri pale kwenye goti. Utaona karatasi imechubuka, karibu itoboke. Pale ndipo nilipomwambia afute. Mguu ni wa ndege, picha ni ya Najma, ule mchubuko ni wangu.

Mwenyezi Mungu akulindie kifua chako, mkeo na mwanao, na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mie shemeji yako niliyekukosea, na ninayekupenda,

Khalfani